Chumvi yetu ya Kilwa inatoa maji ghalani: kosa liko jarubani, ghalani au hewani?

Jaruba_Kivinje (#1)
Wakuu, salaam. Naleta hoja kwa wazalishaji wadogo wa chumvi, hasa Kilwa, Lindi na Mtwara. Wa Mkinga, Bagamoyo, Pemba na Magarini nao wakaribie.

Chumvi inavunwa Septemba, jua kali, nyeupe inang'aa. Inakaa kwenye lundo siku tatu, inaingia kwenye viroba vya kilo 50, inapelekwa ghalani. Mvua zikianza, viroba vya chini vinatoa maji, sakafu inalowa, mnunuzi akija anakata uzito. Ukiionja, kuna uchungu unaobaki ulimini. Chumvi ya shamba la pili, ghuba ileile, msimu uleule, haitoi maji kiasi hicho.

Dai langu: kosa liko jarubani, yaani kwenye bwawa dogo la kuvunia chumvi. Maji machungu hayamwagwi kwa wakati. Haidromita (kifaa cha kupimia ukali wa maji ya chumvi) inasoma 31 na watu bado wanangoja chumvi iongezeke. Wenye ujuzi mseme.

MkemiaPwani (#2)
Naunga mkono, na naweka namba ili tusibishane hewani.

Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi za kila aina kwa kilo moja, na haidromita ya Baumé inayasoma nyuzi 3.5 hivi. Ukiyakausha, vilivyomo havitui pamoja. Chokaa inatua mapema, kabla ya nyuzi 7 hivi. Jasi (jipsamu) inaanza karibu na 13 na inaendelea hadi juu. Chumvi yenyewe inaanza kutua karibu na 25.5. Ukifika 29, karibu robo tatu ya chumvi yote iko chini. Kinachobaki juu ndicho maji machungu: magnesiamu kwa wingi, potasiamu, na chumvi kiasi ambayo haifai kugombewa.

Bahari ina gramu 1.3 hivi za magnesiamu kwa lita. Kwenye 25.5 maji yamepungua mara kumi, kwa hiyo ni gramu 12 au 13. Ukiyaacha hadi 30 unakaribia gramu 50. Maji hayo yanabaki yamezunguka kila punje unayovuna. Kloridi ya magnesiamu inavuta unyevu hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 tu, na pwani yetu hakuna saa ya usiku ambayo hewa ni kavu kiasi hicho. Uchungu anaousema mtoa mada ni huohuo.

Mwaga kwenye 28.5, ukichelewa sana 29. Kinachopatikana zaidi ya hapo ni uzito wa maji.

Somanga_Ghala (#3)
Namba nzuri, ila mkuu #2 ameacha moja. Chumvi safi kabisa, isiyo na chembe ya magnesiamu, nayo inaanza kuyeyuka unyevu wa hewa ukipita asilimia 75. Alfajiri ya masika Kilwa unyevu unapita hapo na kukaa juu kwa saa nyingi. Kwa hiyo hata mkimwaga maji machungu kwenye 27, kiroba kilicho wazi kitalowa tu.

Chumvi ya dukani haitoi maji kwa sababu iko ndani ya plastiki iliyofungwa. Ya kwetu iko kwenye kiroba cha kusuka kisicho na mfuko wa ndani, kimelazwa juu ya saruji tupu, kimeegemea ukuta, dirisha limeachwa wazi usiku "ili hewa ipite". Usiku ndio hewa inaleta maji. Ghala la chumvi hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, halafu linafungwa. Viroba vikae juu ya vichanja vya mbao, sentimita 10 au 15 kutoka sakafuni, na visiguse ukuta. Kosa liko ghalani.

Jaruba_Kivinje (#4)
#3 nimekuelewa, lakini hewa ya ghuba moja ni moja, na maghala yote ni ya bati na saruji. Mbona shamba la pili hawalowi hivyo?

Mkinga_Chumvi (#5)
Habari za kusini. Angalieni kalenda zenu kwanza.

Huku Tanga tuna masika Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Nafasi ya kuvuna ni ndogo, tunavuna tabaka jembamba kila baada ya siku chache kwa kuogopa mawingu. Milimita 10 za mvua ni lita 10 kwa kila mita mraba, na lita moja ya maji yasiyo na chumvi inayeyusha gramu 360 za chumvi. Mvua moja tu ya asubuhi inaweza kuondoka na kilo tatu na nusu kwa kila mita mraba. Kwa hiyo hatuachi maji yazeeke.

Lindi na Kilwa mna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mna miezi ya jua mfululizo, ndiyo maana mnajaza jaruba mara moja na kuliacha hadi likauke lote. Jua jingi limewazoesha vibaya, ndugu zetu.

LindiKwetu (#6)
Mkinga mmeanza. Ninyi mnavuna chumvi laini kama sembe halafu mnatufundisha. Punje ndogo ina eneo kubwa la nje kwa kila kilo, kwa hiyo inashika maji machungu mengi kuliko punje kubwa. Ukimwaga kwenye 28 ukavuna unga, unyevu utaubeba uleule.

Kuhusu punje kubwa nako kuna jambo. Jaruba lenye kina cha sentimita 4 linatengeneza utando juu, na chini yake zinakua punje zenye tundu katikati. Tundu hilo hujaa maji machungu na kufungwa ndani. Hata ukisuuza, maji ya nje yanatoka, ya ndani yanabaki, halafu kiroba kikibanwa ghalani punje inapasuka na kuyatoa. Dawa yake ni kina cha sentimita 8 hadi 15, na kuvunja utando kila jioni kwa reki ya mbao bila kukwaruza sakafu. Punje zinazokua polepole chini ya kina kizuri zinakuwa ngumu, zimejaa, zinang'aa.

Mkinga_Chumvi (#7)
LindiKwetu hapo kwenye tundu nakubali. Lakini usiniambie sentimita 15 Mkinga, nitavunaje kabla ya vuli?

Binti_Kiranjeranje (#8)
Mnasahau mlipo. Kilwa ina jasi nyingi ardhini. Kiranjeranje, Makangaga, Mandawa, malori ya jasi yanatoka huko kwenda viwanda vya saruji. Na visima vya kutafuta mafuta vilivyochimbwa Mandawa vilikuta tabaka nene la chumvi mwamba chini sana. Udongo wetu wenyewe una madini haya. Nadhani jasi inapanda kutoka ardhini, inachanganyika na chumvi, ndiyo inayovuta maji.

MkemiaPwani (#9)
#8 mambo matatu hapo yatenganishwe.

Jasi haivuti maji kutoka hewani. Chumvi yenye jasi nyingi utaijua kwa kuiyeyusha kwenye glasi ya maji ya moto: yanabaki na ukungu, na chini panakaa vumbi jeupe lisiloyeyuka. Hiyo ni kasoro ya usafi, lakini haisababishi kulowa.

Pili, jasi iliyo kwenye chumvi ya jaruba inatoka baharini. Kila mita ya ujazo ya maji ya bahari ina jasi ya zaidi ya kilo moja. Ikipewa mabwawa ya kutosha ya kukolezea, yale yanayotangulia jaruba la kuvunia, inatua huko, kati ya nyuzi 13 na 25, kama ukoko mgumu wa kijivu. Ukiingiza maji jarubani yakiwa 20 au 22, sehemu kubwa ya iliyobaki inatua pamoja na chumvi.

Tatu, jasi ya Kiranjeranje na chumvi mwamba ya Mandawa ni masalia ya bahari za kale sana, zilizojifungia na kukauka. Chumvi ile iko kina ambacho haiwezi kugusa jaruba la udongo la mita moja. Ila umegusa jambo zuri: kazi tunayofanya jarubani kwa miezi miwili ndiyo dunia iliyoifanya Mandawa zamani, na kwa mpangilio uleule, jasi mwanzo na chumvi baadaye.

Binti_Kiranjeranje (#10)
Asante kwa maelezo ya glasi. Basi nibadili swali: kwa nini mashamba mengi huku yanaingiza maji yakiwa 22? Haidromita wanazo.

Fundi_Haidromita (#11)
Wanazo, lakini wanazisoma saa nane mchana.

Haidromita imepangwa kwa joto fulani, nyingi ni 15.6 au 20 za selisiasi, imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya shingo yake. Maji ya jaruba mchana yanafika 38 hadi 40. Yakipata joto yanatanuka, uzito wa lita moja unapungua, kifaa kinazama zaidi na kusoma chini. Tofauti ya nyuzi 20 za joto inakula karibu nyuzi 1 nzima ya Baumé.

Tazama matokeo yake. Unaposoma 24.5 mchana, ukweli ni 25.5, na chumvi imeshaanza kutua kwenye bwawa la kukolezea ambako huivuni. Unaposoma 29 na kusema "namwaga kesho", ukweli ni 30, na umeshavuka. Mtoa mada anasema kifaa kinasoma 31. Kama ni mchana, hayo ni 32.

Chota maji kwa ndoo kutoka kina cha kati, maana juu hudanganya baada ya manyunyu. Weka kivulini hadi yapoe, jaza chupa ndefu nyembamba, usome jicho likiwa sawa na uso wa maji. Osha kifaa kwa maji yasiyo na chumvi kila mara, ukoko wa chumvi kwenye shingo nao unakizamisha. Usipopata kifaa, pima lita moja kamili kwa mzani wa gramu: maji yaliyo tayari kuingia jarubani yana gramu 1,205 hadi 1,210, na ya kumwaga ni 1,250 hivi, yote yakiwa yamepoa.

Kwa maoni yangu hili peke yake linaeleza nusu ya ugomvi wa uzi huu.

Somanga_Ghala (#12)
Mzani wa gramu ni jambo jema sana. Lakini bado mnazungukia jarubani tu.

Mhandisi_Mabwawa (#13)
Kila mtu hapa anasema "mwaga kwenye 29" kana kwamba ni suala la nidhamu. Ukimwaga unajaza nini? Hapo ndipo penye mzizi.

Kutoka 3.5 hadi 25.5, sehemu tisa kati ya kumi za maji zinapaswa kuondoka kabla punje ya kwanza haijatua. Kwa hiyo eneo la kukolezea linatakiwa liwe mara tisa au kumi ya eneo la majaruba ya kuvunia. Shamba dogo la kawaida lina mara tatu, mara nne. Mwenye shamba anaona majaruba ndiyo yanayotoa chumvi, anachimba majaruba mengi. Matokeo: hana maji makali ya kujazia. Anaingiza ya 22 na jasi yake, na anayang'ang'ania maji machungu kwa sababu akiyamwaga jaruba litakaa tupu. Kosa la mtoa mada na kosa la #10 ni kosa moja la ramani ya shamba.

Mpangilio unaofanya kazi kwa hekta moja ni huu. Bwawa la kupokea bahari, kina cha sentimita 50 hadi 100, linajazwa kwenye bamvua pekee, bahari inapojaa sana, mwezi mpya na mwezi mpevu, kwa lango la mbao lenye mbao za kupachika moja juu ya nyingine. Maji mafu, yale ya kujaa kidogo kati ya bamvua na bamvua, hayafiki, kwa hiyo bwawa hilo lazima libebe wiki mbili. Matope yatue humo, yasiendelee. Kisha mabwawa ya kukolezea manne hadi sita, kina cha sentimita 30 likipungua hadi 15, kila moja likiwa chini kidogo ya lililotangulia ili maji yashuke yenyewe. La mwisho lishike 24.5 hadi 25 na lisifunguliwe kabla. Majaruba ya kuvunia yawe sehemu ya kumi ya eneo, au kumi na mbili kwa mia ukipenda kujaribu, yawe membamba ili reki ifike katikati, na upande mrefu ukatize upepo wa kusi ili maji yasisukumwe kona moja. Kila jaruba liwe na matundu mawili: la kuingizia juu, la kutolea maji machungu chini upande wa pili, kwenda kwenye mfereji wake peke yake. Nimeona ramani nyingi ambazo mfereji wa maji machungu unarudi kwenye bwawa la kupokea. Hapo magnesiamu inazunguka shambani msimu mzima.

Sasa hesabu. Pwani yetu msimu wa jua maji yanapungua milimita 5 hivi kwa siku kwa jua na upepo. Hekta moja ni mita za ujazo 50 kwa siku, na kila mita ya ujazo ya bahari inatoa kilo 20 na kidogo za chumvi ya kuvuna. Kwenye karatasi ni kama tani moja kwa siku. Shambani hupati hata nusu, kwa sababu maji makali hukauka polepole kuliko maji mepesi, na kwa sababu ardhi inanyonya.

Kunyonya kunaumiza kuliko watu wanavyodhani. Kama ardhi inakunywa milimita 2 wakati jua linachukua 5, huko kukoleza mara kumi kunataka uingize maji mara ishirini na tano. Zaidi ya nusu ya chumvi imezama ardhini kabla ya kufika jarubani. Jipimie kabla ya kuchimba: chukua mapipa mawili ya plastiki, moja toa kitako, yazike yote sentimita 20 ardhini, jaza maji ya bahari usawa mmoja, funika yasipigwe na mvua. Tofauti ya kushuka kati ya lisilo na kitako na lenye kitako ndiyo ardhi inayokunywa. Ikizidi milimita 1 kwa siku, leta udongo wa mfinyanzi, mwaga tabaka la sentimita 10, ponda ukiwa na unyevu, rudia. Udongo uliopondwa mkavu unapasuka wiki ya kwanza.

LindiKwetu (#14)
#13 uzi ungeanzia hapa. Nauliza: hekta moja wengi hawana. Mwenye robo hekta afanyeje?

Mhandisi_Mabwawa (#15)
Majirani wanne waungane kwenye mabwawa ya kukolezea, kila mtu abaki na majaruba yake. Maji makali yagawiwe kwa kipimo cha lango. Mabwawa madogo madogo yanapoteza eneo kubwa kwenye kingo.

Mchu_Ufukweni (#16)
Kabla hamjawaambia watu waongeze mabwawa mara kumi, semeni wayaweke wapi. Eneo rahisi machoni ni mikoko, na hapo ndipo yanapotokea maafa mawili.

La kwanza ni la chumvi yenyewe. Udongo chini ya mikoko una salfa iliyofungwa na chuma. Ukikata miti na kukausha, hewa inaingia, salfa inageuka asidi, chuma kinayeyuka. Utaona maji ya rangi ya kutu, chumvi ya manjano, kingo zinazoporomoka, na mizizi iliyooza inaacha mirija inayonyonya maji miaka. Pipa la #13 litakwambia hivyo. Ardhi inayofaa ni uwanda mtupu nyuma ya mikoko, ule ambao bamvua kubwa tu ndiyo inafika, unaong'aa chumvi wakati wa jua, na mchu (aina ya mkoko) mfupi mfupi pembeni. Huo tayari una mfinyanzi na tayari una chumvi.

La pili ni la kisheria. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, kuikata kunahitaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Na maji machungu yasimwagwe kwenye mkondo mdogo unaolisha mikoko. Yapelekwe mbali na mdomo wa mto, yatolewe wakati maji yanapokupwa bamvua, kidogo kidogo.

Kusi_na_Kaskazi (#17)
Maji machungu yanaweza kumwagwa barabarani pia. Yanavuta unyevu, vumbi linatulia. Kwa barabara ya changarawe ya shamba ni msaada mkubwa, ila pasiwe na kisima karibu.

Swali la pembeni: kwa nini chumvi ihesabiwe madini? Mwenye jaruba anategemea jua na mvua kama mkulima.

Leseni_Ndogo (#18)
Kwa sababu Sheria ya Madini ya 2010 inaihesabu hivyo. Unahitaji leseni ndogo ya uchimbaji, inatolewa kwa Watanzania tu, muda wake miaka 7 na inahuishwa. Ofisi ni ya Afisa Madini Mkazi chini ya Tume ya Madini. Leseni haikupi ardhi. Kama ni ardhi ya kijiji, mazungumzo na halmashauri ya kijiji yatangulie, la sivyo utakuwa na karatasi ya madini juu ya shamba la mtu mwingine. Kikundi kinaweza kuomba pamoja, na ndiyo njia nzuri kwa ushauri wa #15.

Kusi_na_Kaskazi (#19)
Shukrani. Bado naona ni mkulima, lakini nimeelewa.

Afya_Wilaya (#20)
Naingia na sababu nyingine ya kulowa ambayo wengi hulaumu: kunyunyiza madini joto (aiyodini). Wanasema "tangu tuanze kunyunyiza, chumvi inalowa". Kiwango ni gramu 50 za potasiamu aiyodeti kwa tani, tunalenga miligramu 50 za madini joto kwa kilo.

MkemiaPwani (#21)
#20 sahihisho hapo. Aiyodeti ni asilimia 59 tu madini joto, iliyobaki ni potasiamu na oksijeni. Gramu 50 kwa tani zinakupa miligramu 30 hivi kwa kilo. Ukitaka 50, weka gramu 84. Makosa haya yanawakosesha watu kipimo, maana nyumbani inatakiwa ifike si chini ya miligramu 15, na njiani inapungua.

Kuhusu kulowa: gramu 84 zinayeyushwa kwenye lita 2 za maji safi, zinanyunyizwa kwa tani moja. Lita 2 kwa tani ni asilimia 0.2. Chumvi inayotoka kwenye lundo la siku tatu ina asilimia 5 au zaidi ya maji yake yenyewe. Kwa hiyo pampu haina hatia, isipokuwa ya mgongoni yenye mdomo uliochakaa inayomwaga badala ya kunyunyiza. Kinyume chake ndicho kweli: chumvi inayotoa maji inashusha madini joto hadi kiroba cha chini na sakafuni. Inayolowa haiwezi kushika kipimo hata ukinyunyiza mara mbili.

Afya_Wilaya (#22)
Gramu 84. Nimeipata, asante.

Pemba_Mkavu (#23)
Assalaam aleikum. Mmetaja jaruba tu. Kuna wanaopika: wanakwangua udongo wa chumvi uwandani, wanauweka kwenye kichujio cha majani, wanapitisha maji ya bahari, kinachotiririka chini kinachemshwa. Chumvi hiyo nayo hulowa, na hakuna jaruba wala haidromita.

Mchu_Ufukweni (#24)
Hulowa kwa sababu wanachemsha hadi sufuria ikauke. Yale matone ya mwisho ndiyo magnesiamu yote. Chumvi ikishajaa chini na juu kukabaki maji kidogo mazito, opoa kwa kijiko chenye matundu, tia kwenye kapu lililoinama, maji machungu yadondoke usiku kucha.

Na kuni. Kupata kilo moja ya chumvi kutoka bahari tupu unavukiza lita 40 hivi. Kwa moto wa mafiga hiyo inakula zaidi ya kilo 30 za kuni. Ukichuja udongo hadi maji yafike asilimia 20 za chumvi, unavukiza lita 4 tu, kuni kilo 4 hivi. Kipimo cha zamani cha yai bichi kinasaidia kujua kama yamekolea: likielea wima na kutoa kichwa, bado ni mepesi, likielea kifudifudi limejitokeza sana, pika. Uvinza kule Kigoma walipika karne nyingi kwa sababu chemchemi zao zinatoka ardhini tayari zikiwa na chumvi nyingi kuliko bahari. Ukanda wetu hauna zawadi hiyo, na kila mzigo wa kuni ni mkandaa au mkoko.

Gesi_SongoSongo (#25)
Kilwa ina gesi, imegunduliwa Songo Songo 1974, inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Kwa nini kusiwe na kiwanda kidogo cha kukaushia chumvi kwa gesi hiyo Somanga? Hoja yote ya uzi huu ingeisha.

MkemiaPwani (#26)
Isingeisha. Ukikausha chumvi yenye magnesiamu kwa moto, inatoka kavu na inalowa tena usiku wa kwanza nje ya mfuko. Kwanza isuuzwe.

LindiKwetu (#27)
Na kusuuza kwenyewe kuelezwe, kuna watu wanatumia maji ya kisima na kuyeyusha mavuno.

Baada ya kumwaga maji machungu, ingiza maji ya 25 kutoka bwawa la mwisho, sentimita 3 au 4, pitisha reki, yaache robo saa, yatoe. Hayo karibu hayayeyushi kitu kwa sababu yanakaribia kushiba chumvi, yanabadilishana nafasi na machungu. Kisha vuna, lakini acha sentimita 2 za chumvi chini kama sakafu, usilete tope juu. Lundo liwe juu ya jukwaa lenye mteremko wa sentimita 2 kwa mita, liwe na kilele, sio bapa. Siku tatu hazitoshi hata kidogo, mtoa mada. Wiki tatu, nne. Lundo la msimu mzima lililopigwa na manyunyu ya kwanza linapoteza kilo kadhaa juu lakini maji hayo yanashuka na sehemu kubwa ya magnesiamu yake, linafanya ganda gumu, ndani panakuwa pakavu.

Mkinga_Chumvi (#28)
Hilo la manyunyu ni la kwenu. Huku manyunyu ya kwanza hayaji peke yake, lundo linaondoka. Tunafunika kwa makuti.

Jaruba_Kivinje (#29)
Nimejifunza mengi. Lakini sasa nina sababu sita: kuchelewa kumwaga, kusoma kifaa mchana, uhaba wa mabwawa, punje, lundo la siku tatu, na ghala. Nianze wapi?

Somanga_Ghala (#30)
Ghala. Ni rahisi na ni la wiki moja.

Mhandisi_Mabwawa (#31)
Ramani ya shamba. Mengine yote yanarudi hapo.

Fundi_Haidromita (#32)
Pima kwanza. Chukua chumvi ya kiroba kimoja, igawe mbili. Nusu isuuze kwenye chujio kwa maji yaliyoshiba chumvi safi ya dukani, mara tatu, uichuje vizuri. Zote mbili zikaushe juani juu ya bati hadi uzito usipungue tena. Pima gramu 100 za kila moja kwenye sahani bapa, ziweke ghalani jioni, zipime alfajiri. Isiyosuuzwa ikiongezeka sana na iliyosuuzwa ikabaki, kosa ni la jarubani. Zikiongezeka sawa, #3 ana haki.

Somanga_Ghala (#33)
Na ukifanya Julai iliyosuuzwa huenda isiongezeke, utasema ghala halina kosa. Fanya Machi.

LindiKwetu (#34)
Kipimo hicho hakiioni punje yenye tundu. Kabla ya kusuuza, tenga fungu la tatu la chumvi hiyohiyo, lipondeponde, ulipime nalo. Ikilowa kuliko isiyopondwa, maji yalikuwa yamefungwa ndani, na hapo turudi kwenye kina cha jaruba.

Jaruba_Kivinje (#35)
Sahani tatu basi, na nitaongeza ya nne ya chumvi ya shamba la pili. Fundi, mzani wa gramu 1 unatosha au nitafute wa sehemu ya kumi?

Fundi_Haidromita (#36)
Wa gramu 1 hautoshi kwa gramu 100. Tumia gramu 500 kwenye sinia pana, tabaka la sentimita 1, sahani zote upana mmoja.